Chemchemi Chini ya Mafiga

Asubuhi niliyokuta jiko limelowa, mtu wa kwanza kumlaumu alikuwa mume wangu. Sikuhitaji ushahidi. Mwanamume anayeweza kumwaga chai akiwa amekaa ndiye huyohuyo anayeweza kuangusha ndoo akaondoka kama hakuna kilichotokea. Nilimwita kwa sauti ile majirani wanayoijua, akaja na mswaki mdomoni, akaapa kwamba ndoo hakuigusa. Nikampa tambara apige deki. Akapiga. Sijamaliza kujifunga kanga, sakafu imelowa tena.

Ndipo tukainama wote wawili. Katikati ya mafiga, pale ambapo jivu la jana lilikuwa bado halijazolewa, maji yalikuwa yanapanda polepole na kulisukuma jivu pembeni. Hayakuwa machafu. Yalikuwa baridi ya kuuma vidole. Mume wangu haongei sana, lakini ulimi wake unajua vitu. Alichovya kidole, akaonja.

"Mama watoto," akasema, "haya ni maji ya Kikongwe."

Kikongwe ni chemchemi yetu kubwa, kule juu mlima unapoanza kuwa mawe matupu. Tuliiita hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kusikia kwamba imekauka, hata mwaka ule nyingine zote zilipobaki tope. Kutoka kwenye jicho lake hadi jikoni kwangu ni mwendo wa kumtoa mtu jasho. Sasa maji yake yanatafuta nini chini ya mafiga yangu? Nilivaa kandambili nikaukabili mlima bila kunywa chai, na mimi bila chai si mtu wa kutaniwa.

Inabidi mnifahamu kidogo ndipo mzielewe hasira zangu. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na mtaani wananiita Bi Futi kwa sababu futi ya kupimia haitoki shingoni. Lakini jina lilinikaa sawasawa tulipoanza kuchora ramani ya maji. Mhandisi wa maji alikuja, akatukabidhi simu moja inayonasa mahali ulipo, akasema mlima ni wenu na chemchemi ni zenu, nendeni mkaziandike wenyewe. Tukaenda, kikundi cha wabishi watupu. Tulipenya vichaka, tukasimama juu ya kila jicho la maji na kuinua simu juu mpaka ikubali kushika, huku wazee wakigombana hii inaanzia wapi, ile ilihamishwa na maporomoko yapi, na nani huzibua majani ikiziba. Zilitajwa hadharani chemchemi ambazo koo fulani zilikuwa zimezificha tangu enzi za babu zao kwa kuogopa kunyang'anywa. Sijawahi kuona watu wakiaminiana namna ile, na sijui kama nitaona tena.

Mwisho ramani ikachorwa kwa rangi kwenye ukuta wa ofisi ya kamati. Kila chemchemi ilipewa nukta ya bluu, na kila nukta ikazungushiwa duara jekundu. Duara lile ni kazi yangu. Mimi ndiye niliyesimama mkutanoni nikasema ramani bila sheria ni pambo la ukutani. Ndani ya mita sitini kutoka kwenye jicho la maji pasiwe na nyumba, zizi, choo wala shamba la kupuliziwa dawa. Wakapitisha. Kamba ya kupimia niliikata mwenyewe, nikaitia mafundo kwa kuifuata futi yangu ya kushonea, na popote ilipofika, mtu alihama.

Wa kwanza kukumbwa alikuwa muuza maziwa, ambaye sisi tunamwita Maziwa tu. Zizi lake lilikuwa juu kidogo ya chemchemi ya shuleni, na mvua ikinyesha, chochote kilichotoka kwa ng'ombe kilishuka nayo. Watoto waliharisha msimu mzima. Mjukuu wangu alilazwa zahanati na dripu mkononi, macho yameingia ndani mpaka nikaogopa kumtazama. Maziwa alisihi, akasema zizi lile alijengewa na marehemu baba yake. Nilimwambia sheria ni msumeno. Zizi likang'olewa, watoto wakapona. Sikujuta siku ile na sijuti leo.

Basi nikafika Kikongwe. Pale pamekuwa siku zote na ukuta mfupi wa mawe, kimo cha goti, unaoyakinga maji yanapochomoza na kuyaingiza kwenye bomba la mtaa wetu wa chini. Asubuhi ile nilikuta ukuta umepanda hadi kifuani, saruji bado mbichi, na bomba jipya limechomekwa juu kuelekea mtaa wa juu. Aliyekuwa anapiga plasta, tena kwa mluzi, ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, fundi mwashi ambaye nilimlea mimi tangu hajaota ndevu.

"Nani amekutuma?" nikamuuliza.

"Shikamoo kwanza, shemeji."

"Marahaba. Nani amekutuma?"

Alikuwa ametumwa na mwenyekiti wa kamati. Mtaa wa juu haujawahi kuwa na bomba tangu dunia iumbwe, akasema, zahanati yenyewe inabebewa maji kichwani, na kwa kuwa maji hayapandi mlima, mwenyekiti ameona yapandishwe ukutani kwanza ndipo yashuke kule. Alinieleza kama mtoto anayesoma shairi alilokaririshwa. Hakuniambia, wala sikuhitaji kuambiwa, kwamba mwenyekiti anaishi mtaa wa juu na kwamba ana binti ambaye shemeji yangu amekuwa akimpelekea salamu tangu mwaka jana.

Kila aliyewahi kushika jembe kwenye chemchemi analijua jambo hili. Maji unayapokea pale yanapotokea, huyainui. Ukilibana jicho kwa ukuta mrefu, maji yanajaa nyuma yake, yanaelemewa, yanarudi ndani ya mlima kutafuta ufa mwingine. Marehemu baba mkwe alitufundisha hivyo sote, na huyu kijana alikuwepo, ameshika ndoo.

"Nani alikwambia mapenzi yanapandisha maji mlimani?"

Akacheka kidogo, akapitisha mwiko kwenye plasta. "Yatazoea tu, shemeji. Yakishatulia yatapanda."

"Yameshatulia," nikasema. "Yako jikoni kwangu."

Mwiko ukasimama. Nilimwona akipiga hesabu ya mteremko kwa macho, kutoka ukutani kwake hadi bati la nyumba yetu kule chini, na rangi ikamtoka usoni. Nikamwambia avunje palepale, saruji haijakauka. Akasema hawezi bila neno la mwenyekiti. Nilimtazama kijana niliyemshonea suruali yake ya kwanza ya shule, nikageuka nikashuka, maana ningebaki pale ningempiga kwa mwiko wake mwenyewe.

Ofisi ya kamati ni chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, na kila kilichomo kina unga, kuanzia viti mpaka nyusi za mwenyekiti. Yeye ni mstaafu wa posta na anaongea kama anayegonga mhuri kila neno. Alinisikiliza mpaka mwisho, sifa hiyo nampa, kisha akatuma watu waiite kamati. Wakaja nyumbani kwangu wote kuangalia. Waliingia jikoni na viatu, wakazunguka mafiga, wakachovya vidole, mmoja akanawa uso kabisa. Waliyasifu maji. Hakuna aliyeniambia pole.

Tuliporudi ofisini, mwenyekiti alisimama mbele ya ramani.

"Hatujapoteza kitu," akasema. "Chemchemi moja imehama. Idadi ni ileile."

Akachukua brashi, akachovya kwenye kopo la bluu, akatia nukta juu ya nyumba yangu. Hivyo tu, kama mtu anayeua mbu ukutani.

Nyumba ile niliishona. Sisemi niliijenga, kwa sababu kila tofali lake limetoka kwenye kola na mifuko ya mashati ya watoto wa watu. Tuliishi chumba kimoja kwa wakwe mpaka wanangu wawili wakazaliwa, nikishonea barazani, mvua ikija nakimbilia ndani na cherehani begani. Jiko lile ndilo chumba cha kwanza maishani mwangu nilichoingia bila kubisha hodi. Na sasa mzee mwenye unga kwenye nyusi ameligeuza tone la rangi, na mimi ndiye niliyeitungia rangi ile sheria.

Maziwa alikuwa amekaa pembeni karibu na mlango. Hakuinua sauti.

"Bi Futi," akasema, "msumeno hukata mbele na nyuma."

Afadhali wangecheka. Walitazama kucha zao. Nikamwambia Maziwa ana haki ya kusema hivyo, na kwamba sibishani na sheria, nabishana na ukuta. Chemchemi haikuhama, imefukuzwa. Aliyeifukuza anajulikana, aliyemtuma anajulikana, na dawa ni nyundo tu kabla saruji haijashika. Mwenyekiti akaniuliza kwa upole nani ataenda kumwambia nesi wa zahanati kwamba bomba lililofungwa jana tu linakatwa leo kwa ajili ya jiko la mtu mmoja. Wakapiga kura. Mikono iliinuka mmoja baada ya mwingine, mingine ikinionea haya, lakini iliinuka. Ukuta ukabaki. Mimi nikapewa muda wa kujipanga, neno linalotumika siku hizi badala ya kufukuzwa.

Mlima haupigi kura. Mvua haikunyesha wiki ile na ile iliyofuata, lakini jikoni kwangu maji yaliongezeka. Tulihamishia mafiga uani, tukapandisha cherehani juu ya matofali, mume wangu akachimba kijimfereji kupitisha maji nje chini ya mlango. Usiku nililala nikiyasikia yanachuruzika na kuyatukana. Na kadiri yalivyozidi kwangu ndivyo yalivyopungua kule ukutani. Bomba la mtaa wa juu, lililokuwa limetoa maji siku chache tu, likaanza kukohoa, likawa linatema hewa na tope, likanyamaza. Letu la mtaa wa chini likafuata. Asubuhi moja hapakuwa na tone la maji mtaa wowote. Mwenyekiti akatuma neno: ukuta uvunjwe.

Nilipanda kushuhudia. Nusu ya mtaa ilipanda. Shemeji alivunja kwa nyundo kubwa, kichwa chini, hakumtazama mtu. Mawe yalipoanguka tuliona tope jeusi na mizizi iliyooza, na katikati yake, pale ambapo Kikongwe ilikuwa ikichemka tangu tuzaliwe, palikuwa na uzi mwembamba wa maji usiojaza hata kikombe. Tukasema subirini, lazima yarudi. Tukazoa tope kwa mikono. Tukakaa kwenye mawe mpaka jua likapita utosini na kuanza kushuka, wazee wakiinamisha masikio ardhini. Hayakurudi. Maji yakishapata njia rahisi yana akili kuliko binadamu, hayahangaiki tena na ya zamani.

Nilikuwa nimeshinda. Ukuta umevunjwa, nimeonekana niko sahihi, na ushindi wangu haukufaa hata kunawia mikono. Nilishuka peke yangu. Niliogopa kwamba nikifungua mdomo sitaweza kuufunga.

Nilipofika nyumbani nikakuta uani kumejaa. Ndoo, madumu, masufuria, wanawake wa mtaa wa chini na wa juu wamepanga foleni kutoka mlango wa jiko hadi barabarani, na wala hawagombani. Walikuwa wananiita mama, dada, wifi, watu ambao jana walipitia upande wa pili wa barabara wasinisalimie. Nikapenya. Ndani ya jiko alikuwa binti mdogo wa Maziwa, kitindamimba wake, amechuchumaa pale yalipokuwa mafiga. Alikuwa amechota kikombe, anakipeleka mdomoni kwa mikono miwili.

Nilikipiga kikombe kikaruka mpaka ukutani. Mtoto alinitazama, midomo ikaanza kumtetemeka. Mama yake alikuwa nyuma yangu.

"Maji ni ya Mungu, Bi Futi," akasema. "Zizi ulitunyima. Hata haya?"

Kabla sijajibu, foleni ilipasuka, mwenyekiti akaingia uani, shemeji nyuma yake na nyundo begani, na nyuma yao wote waliokuwa mlimani, Maziwa akiwemo. Mwenyekiti alikuwa na tope hadi magotini na, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alinisalimia kabla sijamsalimia. Alisema wamezungumza njiani. Watu wana kiu, mhandisi anakuja kukagua ramani, na kugombana hakujazi ndoo.

"Sheria tumeitunga sisi," akasema. "Tunaweza kuilegeza. Nyumba yako ibaki, hakuna wa kuigusa. Wewe uwe mlinzi wa chemchemi, ufunguo ukae kwako. Watu watachota kwa mlango wa nyuma, kwa heshima."

Uani kote watu waliitikia kwa kichwa. Nesi wa zahanati alikuwepo na dumu lake, akaitikia. Hata Maziwa, nikamwangalia makusudi, alisema kwa sauti ya chini kwamba basi, yaishe. Nilikuwa napewa mkononi kile kitu nilichokuwa nakililia usiku kucha. Na moyo uliniruka, sitaficha. Niliuona ufunguo. Niliiona cherehani imerudi mahali pake na mimi nimekaa nyuma yake mpaka uzee. Kilichobaki ni kusema ndiyo tu.

Yule mtoto alikuwa ameokota kikombe chake. Akakifuta kwa gauni, akachuchumaa tena.

"Msimwache anywe," nikasema. "Mshikeni."

Mama yake akamshika, zaidi kwa kunishangaa kuliko kunitii. Nikatoka mlangoni, nikanyoosha mkono kuelekea nyuma ya jiko, upande wa juu, palipo na kile kijumba cha mabati kilichokuwepo tangu tuhamie.

"Kile ni nini?"

Wote waligeuka kutazama.

"Kile ni choo changu. Mita kumi hazifiki, na kiko juu, maji yako chini. Wote mmepita pale leo na ndoo zenu. Nesi, umepita. Mwenyekiti, umepita. Zizi la Maziwa hamkulilegeza, na lilikuwa mbali kuliko hapa. Mko tayari kunywa choo changu na kuwanywesha wanenu, ili tu asitokee mtu wa kusema tumekosea."

Nesi aliliweka dumu chini. Mtu mmoja nyuma kabisa alimwaga maji yake polepole, kama anayeona aibu ya mlio. Nikamgeukia shemeji nikamwambia yeye aliyepandisha ukuta atanijengea nyumba, nje ya duara, chumba kwa chumba kama hii, na jiko lianze. Nikamwambia mwenyekiti yeye aliyemtuma atamsogezea mawe, kwa mikono ile aliyoshikia brashi. Mwenyekiti alitazama waliomzunguka. Kisha akakunja mikono ya shati.

Sauti yangu ilikuwa imeanza kukatika na nilichukia kwamba imeanza kukatika. Nikawapa mgongo. Mume wangu alikuwa anatoka mlango wa mbele na kichwa cha cherehani mikononi. Hakuwa ameniuliza lolote. Alikiweka kwenye nyasi, akavua shati lake akakifunika kisipate vumbi, akarudi ndani kufuata meza. Hapo nililia, mbele ya mtaa mzima, na hasira ya kulia ikanizidishia machozi.

Shemeji alisogea, akasimama nyuma yangu kwa umbali wa adabu.

"Tuanzie wapi, shemeji?" akauliza. "Jikoni?"

"Anzeni kwa kung'oa choo," nikasema. "Watoto wana kiu."